Uzi: Sura ya mwalimu wetu katika duara la mpingo, na nani mwenye haki ya kuamua aonekane vipi

Mleta uzi (Mtwara)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Sisi tuliosoma katika shule moja ya msingi hapa mkoani Mtwara tumekubaliana kuiwekea shule yetu kumbukumbu ya mwalimu mkuu wake wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu. Itakuwa medali ya sura: duara la mpingo lenye ukubwa wa sahani ya wali, uso wake ukiwa umechongwa kwa mwinuko mdogo, litundikwe juu ya mlango wa ofisi ya walimu. Pamoja na hilo, mafundi wanaosubu sufuria watatutengenezea nakala ndogo za alumini, ili kila aliyechanga awe na yake. Michango imetosha na mchongaji tumempata. Tulipokwama ni kwenye picha ya kumpa mchongaji huyo.

Picha za marehemu ziko mbili tu. Ya kwanza ilipigwa studio, naye amevaa koti na tai, ametazama mbele, na mpiga picha ameulainisha uso hadi chale za Kimakonde alizochanjwa utotoni kwao Newala zimefutika karibu zote. Ya pili ilipigwa na mgeni aliyepita shuleni: mwalimu amesimama kando ya tanuru la matofali, pama la ukindu kichwani, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni, na chale zote tatu za kila shavu zinahesabika. Nusu ya kamati inataka koti na nusu inataka pama. Mimi naegemea pama, lakini nimeleta jambo hili hapa kwa sababu nadhani tunabishana bila kujua uzito wa kitu tunachokifanya. Uso ukishawekwa ndani ya duara dogo na kutolewa nakala nyingi, baada ya miaka thelathini huo ndio utakuwa uso wa mtu huyo, hata kwa watoto wake, na hakuna atakayekumbuka kwamba palikuwa na picha nyingine.

Historia ya kazi hii inaonyesha jambo hilo tangu mwanzo wake. Mwaka 1438 mfalme wa Bizanti, Yohane wa Nane Palaiologos, alifika Ferrara nchini Italia kwa mtaguso uliokusudia kuyapatanisha Kanisa la Mashariki na lile la Magharibi. Alikuja akiwa na shida kubwa, kwa kuwa milki yake ilikuwa imebaki mji mkuu na vipande vichache vya ardhi, Waturuki wako mlangoni, naye alihitaji askari wa Magharibi. Mchoraji Pisanello alimtengenezea medali ya kusubu yenye upana wa sentimita 10 hivi, ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa medali ya kwanza ya sura ya zama zile za mwamko wa sanaa Ulaya. Upande wa mbele yuko mfalme kwa ubavu, na kofia yake ndefu yenye ukingo uliochongoka kwa mbele. Upande wa nyuma yuko juu ya farasi, anasali mbele ya msalaba kandokando ya njia. Hapo hakuna mwombaji wala milki iliyodhoofika. Wachoraji wa Italia waliichukua kofia ile na kumvisha karibu kila mtu waliyetaka aonekane ametoka Mashariki, na iliendelea kuonekana michoroni hata baada ya Konstantinopoli kuanguka mwaka 1453. Msaada alioufuata haukumwokoa, lakini kofia ilibaki.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, maana nao ni mzozo wa kofia. Benjamin Franklin alifika Ufaransa Desemba 1776, akiwa na miaka 70, kuwatafutia Wamarekani, waliokuwa wakipigania uhuru wao kutoka kwa Waingereza, fedha, silaha na mkataba. Alikuwa mchapaji aliyetajirika, mwanasayansi aliyejulikana Ulaya nzima kwa majaribio yake ya umeme, na alikuwa ameishi London miaka mingi kati ya watu wakubwa. Hata hivyo katika Paris ya mawigi yaliyopakwa unga yeye alitokea na kofia ya manyoya na nywele zake mwenyewe. Wafaransa wakaona mzee wa hekima aliyetoka msituni, naye hakuwasahihisha. Mwaka 1777 Jean-Baptiste Nini, mchongaji mwenye asili ya Italia, alitoa medali ya udongo mwekundu wa kuchomwa yenye uso wa Franklin akiwa na kofia hiyohiyo. Angalieni vizuri mahali ilipotengenezwa: ni kwenye ngome ya Chaumont, kando ya mto Loire, mali ya Le Ray de Chaumont, tajiri aliyempa Franklin nyumba ya kukaa na ambaye pia alikuwa akifanya biashara ya kuwapelekea Wamarekani vifaa vya vita. Aliyeisambaza sura ile alikuwa na faida yake katika jambo ambalo sura ile ililitetea.

Juni 1779 Franklin alimwandikia binti yake kwamba medali, michoro na sanamu zake zimeenea mno, nyingine ndogo kiasi cha kuwekwa kwenye pete na kwenye vifuniko vya vikebe vya tumbaku, hata uso wa baba yake sasa unajulikana kama uso wa mwezi. Sanamu kubwa ya mawe ingewafikia waliopita uwanjani tu. Kilichoingia mifukoni na juu ya meza za chai ni kile kiduara cha udongo, na ndani yake miaka ya London haimo, utajiri haumo, na wala watumwa aliowahi kuwamiliki hawamo. Imo kofia.

Ninawauliza basi, hasa wachongaji, walimu wa historia na wale wanaomkumbuka mwalimu: tuchague kwa kigezo gani?


Mchongaji (Mtwara)

Mleta uzi, nashukuru kwa kutuuliza sisi wa mikono kabla ya kazi kuanza, maana mara nyingi tunaletewa picha ya simu na kuambiwa, "Mtoe huyu kama alivyo."

Kabla ya koti na pama, amueni kwanza kama anatazama mbele au anatazama pembeni. Uso wa kutazama mbele, ukiwa na mwinuko mdogo, unategemea pua kupita kiasi. Pua ndiyo sehemu iliyo juu kuliko zote, kwa hiyo ndiyo inayoguswa, inayofutwa vumbi na inayolika kwanza. Wenye sarafu walilijua hili zamani: Henry wa Nane wa Uingereza alipopunguza fedha katika sarafu zake na kuongeza shaba, pua ya uso wake uliotazama mbele ilichubuka kwanza, shaba ikatokeza, na watu wakampa jina la Mzee Pua ya Shaba. Uso wa ubavu una mstari wa paji, pua, mdomo na kidevu, na mstari huo hubaki hata vitu vingine vikisagika. Sarafu zetu za mwaka 1966 zilimwonyesha Mwalimu Nyerere kwa ubavu, akitazama kushoto, na hata ile iliyochakaa kabisa mtu anamtambua kwa paji lake.

Sasa, picha zenu zote mbili zinatazama mbele. Nikimgeuza ubavu nitakuwa nimebuni nusu ya mtu. Ninaweza kumgeuza robo, ambapo pua inakaa salama na shavu moja linabaki wazi.

Kuhusu chale nina neno. Mpingo ni mgumu na haukubali kubembelezwa. Ukishapitisha patasi haufuti. Kwenye uso mwororo mwanga unateleza tu, na mtu anayetazama kutoka chini ya mlango ataona duara jeusi linalong'aa. Chale zinaushika mwanga. Babu zetu walipochonga vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa ngomani, waliziweka chale usoni, nyingine kwa kuchora na nyingine kwa nta, na mtazamaji akajua mara moja anatazama nani na wa wapi. Mkinipa ile picha iliyolainishwa nitachonga uso wa mtu yeyote wa mjini mwenye tai. Kazi itapendeza, nami nitalipwa, lakini mwenyeji wa Newala atapita chini yake bila kumjua.

Jambo la mwisho: mniruhusu nichague kipande kilichokaa kivulini muda mrefu. Mpingo uliokaushwa haraka hupasuka, na ufa hauchagui pa kupita.


Mchangiaji (Tandahimba)

Nilifundishwa naye. Pama alilivaa kila siku. Koti sikuwahi kumwona nalo.


Mchangiaji (Lindi mjini)

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na nina swali ambalo kamati yenu haikujiuliza: kwa nini uso? Kwa kadiri ninavyoelewa marehemu alikuwa Mwislamu, na sehemu ya ukoo wake huenda isifurahie sura yake kutundikwa. Lakini hata tukiliacha suala la dini kwa wenye ukoo, pwani yetu hii ilikuwa na duara lake la kutangaza jina la mkubwa karne nyingi kabla ya Pisanello, na halikuwa na uso hata kidogo.

Nazungumzia sarafu za shaba za Kilwa, hapa hapa mkoani Lindi. Zilitolewa na masultani kuanzia karibu karne ya 11, ndogo, nyingi zikiwa na upana wa kama sentimita 2. Hazina tarehe wala picha. Upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mola Mwenye neema, upande wa pili una jina la sultani, na kwa Kiarabu maneno hayo yametungwa kwa vina: mwisho wa sifa ya Mungu, minan, unaitikiana na mwisho wa jina la mtawala, Hasan. Kwa hiyo aliyeisoma sarafu alitamka shairi la mistari miwili, na hakuweza kulitaja jina la sultani bila kupitia kwanza kwenye jina la Mola wake. Hiyo nayo ni kujijengea sura mbele ya watu, tena kwa ufundi mkubwa. Mtawala hasemi "nitazameni". Anasema "mimi ni mtu anayemtegemea Mungu", na anaisema kwa vina ili isisahaulike.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa sababu ya ukarimu wake. Huyo ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, na ziko pia sarafu chache za dhahabu zenye jina lake. Hatujui pua yake ilikuwaje. Lakini jina la ukoo ule wa watawala lilifika mbali: sarafu ya Kilwa imepatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu za shaba za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Mtu asiye na uso amekumbukwa hadi huko.

Napendekeza duara la mpingo lenye jina lake na mistari miwili ya vina iliyotungwa na mmoja wa wanafunzi wake. Tuna watunzi wa kutosha Kusini.


Mleta uzi

Mchangiaji wa Lindi, ahsante sana. Hoja yako nimeipeleka kwa familia, kwa kuwa juu ya uso kuwepo au kutokuwepo, kauli ni yao. Nitawaleteeni jibu lao hapa.

Wakati tunasubiri, niseme neno kwa wale walioniandikia pembeni kwamba naikuza mno habari hii, eti sura kwenye duara ni heshima tu. Kwa wakazi wa Kusini uso wa kwanza uliofika mkononi kwa wingi haukuja kama heshima. Mtakumbuka kwamba kabla ya Wajerumani riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha, ilitumika pwani hii. Yule malkia wa Austria alifariki mwaka 1780, na riale yake iliendelea kupigwa ikiwa na uso wake na mwaka huohuo, kwa vizazi kadhaa baada ya kifo chake, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabia na Uhabeshi waliukubali uso ule na waliukataa mwingine. Walikagua hata lulu za kishaufu chake. Pale uso ulikuwa dhamana ya fedha iliyomo na habari za malkia mwenyewe hazikumhusu mtu.

Rupia ya Wajerumani, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, ilikuwa jambo jingine. Ilimwonyesha Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma ya kijeshi, juu yake tai aliyetandaza mabawa, na kuzunguka ukingo maneno ya Kilatini ya kumtaja kuwa mfalme mkuu. Hakuna mkulima wa Umatumbi aliyejua Kilatini. Lakini mwaka 1898 ilipokuja kodi ya kibanda, kuanzia rupia 3, uso ule ulipata maana isiyohitaji kusomwa. Mtu alilazimika kuutafuta, kwa kuuza mazao au kwa kufanya kazi ya mwingine, kisha aurudishe kwa akida. Alimjua Kaiser kama deni kabla hajamjua kama mtu. Mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete, hukohuko Umatumbi, watu walipong'oa miche ya pamba na Maji Maji ikaanza, chuki ya kodi na ya kulimishwa pamba kwa nguvu ilikuwa tayari imekusanya miaka.

Ndiyo maana sikubali kwamba duara ni pambo. Linaingia mkononi mwa mtu likiwa na amri, au shukrani, au deni, na maana yake inategemea zaidi njia lililopitia kuliko ustadi wa mchongaji. Mwaka 1966 tulipopata sarafu zetu wenyewe, uso ulikuwa wa mtu tuliyekuwa tumemsikia kwa masikio yetu, na nyuma ya shilingi palikuwa na mkono ulioshika Mwenge. Mwaka 1987 sarafu mpya zikaja na uso wa Rais Mwinyi. Leo mfukoni mwangu Nyerere yuko kwenye shilingi 100, Mwinyi kwenye 50, Karume kwenye 200 na kwenye ile ya 500 iliyotoka mwaka 2014, na nyuma yao ni swala, kifaru, simba na nyati. Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso aliyeongoza nchi kuanzia 1995 hadi 2005, hayumo katika sarafu hizi tunazozitumia kila siku, na wakwe zangu wa Masasi hunisomea jambo hilo kila tunapokutana. Watu wanaona uzito wake.


Mchangiaji (Masasi)

Shikamoo wakubwa zangu wote, na heshima kwa familia ya marehemu. Mimi nafundisha historia sekondari, na ningependa tuongeze medali moja ambayo haiwezi kukosekana katika mazungumzo ya watu wa Kusini, ingawa haikutengenezwa huku.

Mwaka 1787 Josiah Wedgwood, mfinyanzi tajiri wa Staffordshire nchini Uingereza, alitoa medali ndogo ya kauri kwa ajili ya chama cha kupinga biashara ya watumwa. Wedgwood huyu alikwishajulikana kwa medali za sura: wafalme, wanasayansi, majenerali, Franklin mwenyewe akiwemo, nyuso nyeupe juu ya udongo wa buluu, na jina la kila mmoja limepigwa chini. Ile ya mwaka 1787, iliyoumbwa na fundi wake William Hackwood, ilimwonyesha Mwafrika aliyepiga goti, minyororo mikononi na miguuni, ameinua mikono, na juu yake swali: je, mimi si mwanadamu na ndugu? Alizigawa bure. Wanaume walizipachika kwenye vikebe vya tumbaku, wanawake wakazivaa kama bangili na pini za nywele. Mwaka 1788 alimpelekea Franklin kifurushi chake Philadelphia, ambako wakati huo mzee yule alikuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania.

Medali ile ilifanya kazi nzuri na sitaidharau. Iliingia mahali ambapo hotuba haziingii, na mwaka 1807 Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake. Lakini iwekeni kando ya nyingine zilizotoka katika tanuru lilelile. Franklin ana jina, Mwafrika hana. Wote wengine wameinua vichwa, yeye amepiga goti. Wengine wametengenezwa kutokana na nyuso zao halisi, yeye hakukaa mbele ya mchongaji yeyote. Miaka 11 tu kabla, Septemba 1776, Mfaransa Morice alikuwa ametia saini na sultani wa Kilwa mkataba wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Waliofungwa minyororo ile walitoka bara nyuma ya Kilwa, yaani huku kwetu, na kila mmoja alikuwa na jina, na wengi wao walikuwa na alama za kabila lao usoni. Waliowahurumia waliwapa umbo moja la kuhurumiwa. Umbo hilo lilidumu kuliko minyororo yenyewe: hata leo mwanafunzi wangu akiambiwa achore mtumwa, anachora mtu aliyepiga goti. Na hawa ni watoto wa Masasi, mji ambao mwaka 1876 wamisheni waliwaleta watumwa walioachwa huru wakajenga nyumba zao, wakalima na kusomesha.

Kwa hiyo, ndugu mleta uzi, mimi nasimama na mchongaji juu ya chale, kwa sababu hiyo. Kuzifuta ni kumfanya mtu wetu awe mtu yeyote. Na ninaomba jambo moja zaidi: medali zina nyuma. Kamati yenu yote inagombania mbele. Nyuma ya zile nakala ndogo wekeni tanuru la matofali, na muandike kwamba shule ilijengwa na wanafunzi wa darasa la kwanza lililofunguliwa. Mwalimu hakuyabeba matofali yale peke yake.


Mchangiaji (Lindi, Mingoyo)

Wifi yangu wa Masasi amesema vema. Nami niseme la kina mama. Nakala hizo zitavaliwa vipi? Kanga zikitoka na sura ya kiongozi, sura huwekwa ndani ya duara katikati ya mji wa kanga. Ukijifunga kiunoni kama tunavyojifunga sote, duara linaangukia nyuma na unamkalia mtu mzima. Wengi wetu huikunja upande ili uso ukae pajani, au tunaifanya mtandio, na mwingine huiacha sandukuni kabisa kwa kuogopa kumvunjia heshima. Aliyechora kanga hakumfikiria mvaaji. Nakala za mwalimu ziwekwe pini ya kifuani, zisitobolewe tundu la mkufu, maana mkufu hugeuka na uso ukalala tumboni.


Mchangiaji (Nachingwea)

Nakala ziwe chache. China, baada ya 1966, beji za alumini za Mao zilitengenezwa kwa mamilioni mengi, kila kiwanda na kila kikosi kikitoa zake kubwa kuliko za jirani, hadi mwaka 1969 Mao mwenyewe alitaka zipunguzwe kwa kuwa alumini ilihitajika kwa ndege. Kitu kikishakuwa kipimo cha mapenzi, asiyekivaa huanza kuulizwa. Shule ni ndogo na kijiji ni kimoja. Asiyechanga asije akaonekana hakumpenda mwalimu.


Mleta uzi

Wanajukwaa, majibu ya familia yamepatikana. Tulimfuata mjane wa mwalimu nyumbani kwake, mimi pamoja na mchongaji, tukamsomea mchango wa kila mmoja wenu.

Kuhusu uso au jina, mama alisema ukoo umekaa na umeridhia uso uwepo, mradi duara lisiwekwe ndani ya chumba ambacho watu huswalia. Juu ya mlango wa ofisi wamekubali. Vina pia wamevipenda, na wameomba vitungwe.

Kuhusu picha, alizishika zote mbili, akaiweka ya tanuru chini na kubaki na ya koti. Alisema ile ya tanuru mwenyewe hakujua kama anapigwa. Ile ya studio aliiendea kwa miguu hadi kituo cha basi, akalipa kwa mshahara wake, koti akaliazima kwa mwenzake, kisha akawapelekea ndugu zake nakala, na nyuma ya moja amewaandikia kwamba huyu ndiye mwalimu mkuu. Akasema, "Hivyo ndivyo alivyotaka aonekane. Ninyi mnataka awe vile mnavyompenda ninyi." Nimeikubali hoja hiyo na ninaitetea sasa mbele ya kamati. Kama Franklin alikuwa na haki ya kujichagulia manyoya, mtoto wa mkulima wa Newala alikuwa na haki ya kujichagulia koti, na pama tunalolitamani sisi tuliosoma mjini lisimpokonye haki hiyo.

Mchongaji akamuuliza kuhusu chale. Mama akapitisha kidole juu ya shavu la picha, mahali zilipofutwa, akasema mume wake hakuomba zifutwe na alirudi nyumbani amekasirika. Mpiga picha alizilainisha kwa mapenzi yake. Kwa hiyo koti linabaki na chale zinarudi, zikifuatwa katika picha ya tanuru, tatu kila shavu. Mchongaji atamgeuza robo, na shavu la kushoto litakuwa wazi.

Nyuma ya nakala litakuwa tanuru, kama dada wa Masasi alivyoshauri. Kwa kuwa duara la mlangoni halina nyuma inayoonekana, litachongwa duara la pili la ukubwa huohuo, litundikwe kando yake, likiwa na tanuru na mistari miwili ya vina. Nakala zitakuwa za pini. Kila kaya ya kijiji iliyokuwa na mtoto shuleni katika miaka ya mwalimu itapewa moja, iliyochanga na isiyochanga, na kalibu itakabidhiwa kwa mwalimu mkuu wa sasa mbele ya wazee, ili mtu yeyote asije kuzisubu nyingine za kuuza au za kupigia kampeni.

Kazi iliyobaki ni ya majina. Wanafunzi wa darasa la kwanza lililofunguliwa wataandikwa kwenye ukingo wa duara la pili, na daftari la shule limeliwa na mchwa katika kurasa za mwanzo. Mwenye kumbukumbu ya majina hayo, hasa ya wasichana walioacha shule kabla ya kumaliza, amwone mwalimu wa zamu ofisini siku yoyote ya kazi. Mistari ya vina itumwe hapa hapa katika uzi, nasi tutampelekea mama achague.